Mjerumani wa Dakika ya Sitini na Moja

Jumatano, 16 Oktoba

Nimenunua daftari. Naandika ili nikifa, makumbusho ya vita wapate kitu cha maana. Shule niliacha na miaka kumi na mitano, lakini kichwa kilikuwa kimeshajaa.

Leo tumefungua msimu wa filamu, ukumbi wa askari wastaafu, saa nane mchana. Watu kumi na tisa na mbwa mmoja. Taratibu ni zilezile: filamu za vita za Kiingereza, za zamani, nyeusi na nyeupe. Kila mtu na kikombe chake cha chai na kijiko chake. Ukiona kosa la historia, unagonga kikombe. Filamu inasimamishwa. Unaeleza kosa. Wenzako wakikubali, unaandikiwa pointi kwenye ubao wa kuhesabia mchezo wa vishale. Filamu ya dakika tisini huwa tunaimaliza kwa saa nne. Hajawahi kulalamika mtu, isipokuwa mbwa.

Ilikuwa "Meli Ile Haikujibu". Niligonga dakika ya tatu! Nikasema vifungo vya nahodha ni vya jeshi la nchi kavu. Cyril Padley akasema vifungo viko sawa kabisa, Wilf, kisichokuwepo ni miwani yako. Watu wakacheka. Si kwa sauti, lakini niliwaona mabega.

Huyu Cyril alikuwa mwalimu wa jiografia. Bunduki hajawahi kushika, ana pumu. Lakini anakuja na mkoba, na ndani ya mkoba mna vitabu, na ndani ya vitabu mna vikaratasi vya rangi. Mtu wa namna hiyo simwamini. Kapata pointi sita. Mimi nne, na moja ya hizo ilikuwa yake kwa haki.

Mwenyekiti wetu, Bi. Hebblethwaite, akatangaza. Atakayeongoza baada ya filamu tatu ndiye atakayesimama mbele kuitambulisha filamu ya kufunga msimu, Jumamosi ya tarehe 9 Novemba, kabla ya Jumapili ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani. Meya atakuja. Na filamu yenyewe, akasema, ni "Walivuka Mfereji".

Makofi. Wote wakanigeukia mimi.

Ndiyo. Filamu hiyo ilipigwa hapahapa Hesby, mwaka 1957, kwa kuwa mashamba yetu yamelala kama ya Uholanzi na mifereji tunayo ya kutosha. Mimi nilikuwa katika jeshi la lazima. Kikosi chetu kiliazimwa siku tatu kwa wapiga filamu. Na kila mtu hapa anajua kwamba yule askari wa pikipiki anayeruka mfereji huku risasi zinamfuata mgongoni ni mimi, Wilf Scrimshaw. Wanajua kwa sababu nimewaambia mwenyewe, miaka hamsini na mitano mfululizo.

Bi. Hebblethwaite akaongeza kuwa nakala ni mpya. Imesafishwa. Sura zinaonekana, akasema, kama mtu amesimama dirishani kwako.

Biskuti ilinikwama.

Alhamisi, 17 Oktoba

Daftari hili sasa litakaa kwenye sanduku la zana, chini ya msumeno. Makumbusho watalipata, lakini si mapema.

Wa pikipiki si mimi. Alikuwa bwana mmoja kutoka London, alilipwa, na aliletewa kiti chake mwenyewe.

Mimi nilikuwa Mjerumani.

Si kwa kupenda! Sajenti alitupanga mstari akahesabu: Mwingereza, Mjerumani, Mwingereza, Mjerumani. Ningesimama hatua moja kushoto historia ingekuwa nyingine. Dakika ya sitini na moja bomu la mkono linatupwa, narushwa, nafa. Nimelala matopeni, kofia imenitoka, kamera inanisogelea. Halafu, nikiwa maiti kamili, nageuza kichwa kuangalia kushoto. Kwa nini niligeuza, hayo ni yangu.

Mtu atauliza, tatizo liko wapi? Tatizo ni Beryl. Mwaka 1958 nilimpeleka kuitazama filamu hii. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kutoka pamoja. Pikipiki iliporuka nikamnong'oneza: yule ni mimi. Baadaye akanishika mkono, akanishikilia mpaka taa zilipowashwa. Mwaka 1960 tukaoana. Mwanamke amepika, amefua, amelea watoto watatu miaka hamsini na mitatu akijua yuko na mwendesha pikipiki. Huwezi kumgeukia leo ukamwambia ni Mjerumani. Tena aliyekufa.

Nakala za zamani zilikuwa na ukungu, ningeweza kuwa yeyote. Leo Beryl kaenda kutengeneza nywele, nikaiweka nakala mpya niliyoazima maktaba. Masikio! Yamejaa skrini nzima. Kama milango ya teksi iliyoachwa wazi pande zote mbili.

Mpango wangu ni huu. Mtambulishaji ndiye anayeshika rimoti. Mtambulishaji ndiye anayetangaza mapumziko ya chai. Dakika ya sitini kamili nitatangaza chai. Watu watapanga foleni. Mwingereza akiwa kwenye foleni haangalii kitu kingine isipokuwa kisogo cha aliye mbele yake. Nitasogeza filamu mbele dakika mbili. Kwisha kazi.

Kwa hiyo lazima nimshinde Cyril. Si vigumu. Mimi nimevaa sare, yeye amechora ramani ubaoni.

Jumatano, 23 Oktoba

"Mabawa Juu ya Kent". Nilikuja tayari. Niligonga mara kumi na nne ndani ya nusu saa.

Niligonga kwa basi. Basi lilikuwa sawa. Niligonga kwa mbwa wa rubani, nikasema aina ile ya mbwa haikuwepo mwaka 1940. Bi. Hebblethwaite akasema mama yake alikuwa naye. Niligonga kwa mawingu. Cyril akaniuliza kwa upole mawingu yana kosa gani. Nikasema ni ya kisasa. Sauti nyuma ikasema, Babu Wilf leo anagonga kama fundi bati!

Hatimaye niliona kosa la kweli. Antena za televisheni juu ya mapaa, mwaka 1940! Nilifurahi nikagonga kwa nguvu zangu zote. Kikombe kikapasuka. Chai yote kwa mbwa.

Pointi moja nimepata. Pointi mbili nimekatwa, kwa uharibifu wa mali ya klabu. Cyril kagonga mara tatu tu, taratibu kama daktari, mara tatu zote sawa. Ndege ya adui ilikuwa ya kwetu, imepakwa rangi. Nilikuwa nimeiona na mimi! Niliiona kabla yake. Sikuwa na kikombe.

Cyril tisa. Mimi tatu.

Njiani Beryl akauliza kwa nini safari hii nautaka ushindi kiasi hiki. Nikamwambia ni heshima ya kikosi. Akaniangalia kidogo, akasema nifunge koti.

Jumatano, 30 Oktoba

Filamu ya tatu, "Jangwa Bila Kivuli". Mimi si mtu wa hila. Lakini vita ni vita.

Nilifika mapema nikasaidia kupanga vikombe. Kwenye kisahani cha Cyril nikaweka kijiko cha plastiki. Plastiki haina sauti. Nikakaa, nikatulia, nikaanza kuokota pointi: kifaru cha Wajerumani kilichotengenezwa Birmingham. Moja! Askari mwenye nywele ndefu kama mpiga gitaa. Mbili! Kila mara Cyril naye alikuwa akigonga, tip, tip, kama mvua kwenye mwavuli. Hakuna aliyemsikia. Nilifika sita. Nilikuwa nimebakiza tatu kumfikia.

Ndipo Cyril akakitazama kijiko. Akakigeuza. Akanitazama mimi. Akavua pete yake ya ndoa, aliyovishwa na marehemu mkewe, akagongea kikombe. Ililia kama kengele ya kanisa.

Akaeleza makosa yote yaliyompita, moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kutoka kwenye karatasi. Manane! Bi. Hebblethwaite akamwandikia yote.

Cyril kumi na saba. Mimi sita. Cyril ndiye mtambulishaji. Alipopita akanipa kile kijiko mkononi, akasema, hiki chako nadhani, mzee mwenzangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Cyril amekuja nyumbani! Kaja na mkoba. Beryl akamkaribisha, akamkatia keki ya matunda, kipande kikubwa kuliko changu.

Anataka kunisifu mbele ya meya. Akaniuliza niliruka mfereji nikiwa gia ya ngapi. Nikasema zote. Akaandika. Akauliza niliogopa? Nikamwambia woga sijawahi kuutumia. Akaandika na hilo. Beryl alikuwa akifuma, hakuinua macho.

Halafu akasogeza kiti. Akasema kuna jambo jingine, kubwa. Amegundua kosa ambalo hajaliona mtu yeyote tangu filamu itoke. Dakika ya sitini na moja. Kuna maiti ya Kijerumani, akasema, inageuza kichwa! Anaijengea hotuba nzima. Atasimamisha picha hapohapo ili kila mtu aione sura.

Nikamwambia labda alikuwa amezirai. Akasema Wilf, jamaa amelipuliwa na bomu. Nikasema upepo. Akasema upepo haugeuzi Mjerumani. Nikamshauri, kwa ajili ya hadhi yake, aliache. Watu hawapendi kuonyeshwa maiti kabla ya chai. Akacheka, akanipiga begani, akamaliza keki.

Cyril alipoondoka, Beryl akauliza kwani nimekuwa mweupe hivi kwa nini. Nikasema ni keki.

Ijumaa, 8 Novemba

Sijalala. Nimefikiria kukata umeme wa ukumbi, lakini sanduku la swichi limefungwa na ufunguo anao Bi. Hebblethwaite, kwenye mnyororo, shingoni.

Nimepata njia. Projekta iko juu ya meza, katikati ya ukumbi. Beryl atakuwa kwenye birika la chai, kama kawaida. Dakika ya sitini nitanyanyuka na sinia kana kwamba namsaidia, nipite mbele ya projekta, na hapo kiatu kinibane. Nitasimama nusu dakika nimeziba mwanga. Skrini itakuwa giza. Mjerumani atapita bila kuonekana.

Nimefanya mazoezi sebuleni na sinia. Beryl kauliza nafanya nini. Nikasema gwaride.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika kwa ufupi.

Ukumbi ulijaa. Kila mtu na ua lake jekundu la karatasi kifuani, la kukumbuka waliokufa vitani. Meya na mnyororo wake mbele. Cyril akazungumza vizuri, sitakataa. Akasema miongoni mwetu yuko kijana aliyeruka mfereji. Nikasimama, nikapiga saluti. Makofi ya muda mrefu. Beryl naye alipiga, kutoka kwenye birika.

Pikipiki ikaruka. Makofi tena. Nikasimama tena.

Dakika ya sitini nikachukua sinia. Nikafika mbele ya projekta. Nikasimama. Skrini ikawa giza, kama nilivyopanga! Watu wakaanza: Wilf, kaa chini! Wilf, wewe si kioo! Nikasema kiatu, kiatu.

Jambo moja sikulifikiria. Mwanga ukizuiwa haupotei. Unatua juu ya aliyeuzuia. Na mimi nilikuwa nimevaa shati jeupe la sherehe.

Mjerumani akatua kifuani pangu. Sura yote, waziwazi, masikio mawili. Na juu yake sura yangu, masikio mawili. Meya akasema kwa sauti, mbona wako wawili?

Kifuani pangu Mjerumani akageuza kichwa kushoto. Cyril akasimamisha picha.

Hata mbwa aliinua kichwa. Cyril akainua kijiko, akagonga kikombe mara moja, taratibu. Akasema, kosa. Halafu akasema, Wilf?

Ningeweza kukataa. Masikio ni mengi duniani. Lakini nilisikia lile neno, kosa, damu ikanipanda. Nikasema si kosa! Bi. Hebblethwaite akasema maiti haigeuki, Bwana Scrimshaw. Nikasema huyu aligeuka, na hakuna anayejua zaidi yangu, kwa sababu aliyekuwa ndani ya sare ile ni mimi!

Neno likishatoka halirudi. Nikalisikia likienda mpaka kwenye birika.

Sauti nyuma ikauliza, na pikipiki je? Nikasema pikipiki ilikuwa ya mtu wa London. Mwanamke mmoja akasema loo. Loo ndefu.

Cyril akauliza sasa uligeukia nini? Sauti yake haikuwa ya dhihaka, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua. Nikamwambia. Nilikuwa nimelala kwenye matope kwa saa tatu nzima. Gari la chai lilikuwa limefika, upande wa kushoto. Nilisikia vikombe.

Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kwa huruma. Mzee mmoja akasema, masikini. Meya akasema hata yeye angegeuka, na yuko hai. Likapigiwa kura: je, ni kosa? Wakabishana dakika ishirini na tano. Wengi wakaanza kuegemea kuwa maiti yeyote mwenye akili angefanya vile. Nilikuwa nashinda!

Ndipo Cyril akafungua mkoba. Akasema huyu anaigiza Mjerumani. Mjerumani hageukii chai. Mjerumani angegeukia kahawa, na mwaka 1944 hata kahawa yenyewe hawakuwa nayo, walikuwa wanakunywa shayiri ya kukaanga. Kwa hiyo si kosa moja. Ni mawili.

Pointi mbili kwa Cyril. Makofi, meya naye.

Nikamtazama Beryl. Alikuwa anamimina chai. Hakuinua kichwa.

Jumapili, 10 Novemba

Tulirudi kwa miguu jana. Tulifika daraja la pili. Nikaanza mimi. Nikamwambia Beryl, nilitaka kukwambia. Akasema, lini? Nikasema nilikuwa natafuta nafasi. Akasema miaka hamsini na mitano, Wilf, hata basi la hapa lingekuwa limeshapita.

Kisha akasema alijua. Tangu siku ileile! Masikio yako, akasema, niliyaona pale matopeni kama sahani mbili.

Nilisimama barabarani. Nikamuuliza, basi kwa nini ulinishika mkono? Akasema mkono haukushikwa kwa ajili ya pikipiki. Pikipiki ilikuwa imeshapita zamani. Alipotokea yule Mjerumani nilianza kutetemeka, kiti kizima kikitetemeka, akaona huyu bwana anahitaji mtu wa kumshika. Na mwendesha pikipiki, akasema, asingemtaka. Watu wale hawafiki nyumbani kwa chakula.

Nikaanza kutembea tena. Yeye akasema nifunge koti.

Leo kwenye mnara wa kumbukumbu watu wamenisalimu kwa heshima. Wengine wameniita Mjerumani wetu. Cyril kanipa mkono. Nikamwambia kuhusu kile kijiko, samahani. Akasema alishasahau, ila akataja siku na saa.

Bi. Hebblethwaite kanipa habari. Wamekubaliana nifungue msimu ujao mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwanachama pekee aliyewahi kuwa kosa.

Nimelala vizuri mchana wote. Mzigo umetoka. Mtu akisema kweli anakuwa mwepesi. Sitasema uongo tena.

Alhamisi, 14 Novemba

Filamu ya kufungulia msimu imechaguliwa. "Kamba na Chumvi", ya jeshi la majini. Nimeitazama mara mbili.

Dakika ya arobaini kuna mikono inafunga fundo, upesi ajabu, na meli nzima inaokoka. Mikono tu. Sura haionekani kabisa.

Nimewaambia ni yangu.

Safari hii nimetumia akili. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchagua filamu ambamo sura yangu mwenyewe inaonekana. Mkono hauna masikio. Beryl nilimwambia wakati wa kifungua kinywa. Kasema mimi nilikuwa askari wa nchi kavu. Nikamwambia waliniazima. Kaniangalia, kaniangalia, kisha kachukua kikapu kaenda kwa muuza nyama.

Cyril kapiga simu. Kafurahi mno. Anakuja saa nne na kamera apige picha fundo lenyewe kwa ajili ya mkoba wake. Nikamwambia njoo tu, vidole havisahau.

Nimefanya mazoezi kidogo kwa mkanda wa gauni la Beryl. Fundo ni zuri, sijapata kuona fundo imara namna hii. Tatizo ni kwamba mkono wa kushoto uko ndani yake, na mguu wa kiti cha jikoni pia. Mkasi uko kwenye droo, na droo iko ng'ambo ya jiko. Nimeshajaribu kwenda huko na kiti. Tumefika nusu ya njia, tukaanguka.

Naandika haya nimelala sakafuni. Ni saa nne kamili. Cyril anagonga mlango. Nimempigia kelele asubiri, namalizia jambo la kijeshi.